Pale Mama Anapovuta Pumzi

Dar es Salaam
14 Oktoba 1956

Dada yangu Klementina,

Shikamoo. Natumaini unaisoma barua hii ukiwa mzima, na mama mzima, na watoto wako wote, hata yule wa mwisho anayekula udongo. Mimi sijambo, ila macho yananiuma na mgongo umepinda kwa kuinamia herufi za risasi kutwa nzima. Joto la hapa limeanza. Mwambie mama samaki wakavu aliompa dereva wa lori la Ifakara walifika vipande vipande, lakini walifika.

Sasa lililonishikisha kalamu. Unazikumbuka hadithi za mama, zile alizomsimulia Padre mwenye ndevu tulipokuwa wadogo, yeye akiandika mbiombio kama anayefukuzwa? Karatasi zake zimeletwa hapa kiwandani tuzichape kitabu, kwa Kindamba chetu hichohicho. Nilifurahi nusu siku. Kisha nikazisoma nikachoka. Padre hakuweka nukta wala mkato hata mmoja. Maneno yanatiririka kutoka juu ya karatasi mpaka chini, hujui mtu amemaliza wapi na ameanza wapi.

Hapa hakuna anayejua Kindamba isipokuwa mimi, na wapanga herufi ni watu wa pwani. Msimamizi wetu, Bwana Seifu, ameniagiza nitunge kanuni za kukata maandishi hayo: sentensi iishe wapi, mkato ukae wapi, neno livunjwe wapi likifika ukingoni mwa mstari. Anataka kanuni ambazo mtu asiyejua hata neno moja atazifuata moja baada ya nyingine na asikosee. Anasema mpanga herufi akianza kufikiri, kazi inachelewa.

Nimejaribu kuzitunga kwa akili yangu, zinagombana. Ndipo nikamkumbuka mama. Mama akisimulia, anayemsikiliza humwitikia kila anapovuta pumzi. Wewe ndiye mwitikiaji wake tangu zamani, mimi nilikuwa nasinzia. Nimenakili hadithi ya kwanza, ile ya kiboko na mke wa mvuvi, nimeitia humu. Mwombe mama aisimulie. Wewe shika penseli, na kila unapomwitikia chora mstari mdogo wa kusimama. Nikipata mistari hiyo nitakuwa na kanuni ya kweli, siyo ya kubahatisha.

Krismasi nitajitahidi kuja.

Mdogo wako,
Dionisi


Ng'ambo ya Kivukoni
18 Novemba 1956

Ndugu yangu Dionisi,

Marahaba. Sisi tupo. Yule wa mwisho ameacha udongo, sasa anakula mkaa. Mvua za kwanza zimenyesha na tumeanza kulitifua shamba la bondeni, mimi na mikono yangu hii, maana wanaume wa ukoo huu wana kazi nyingi mijini. Rosa wa baba mdogo ameolewa Malinyi. Ulipelekewa habari hukujibu, na wamenuna. Kuhusu samaki, mama anasema hata wakivunjika, si umekula?

Kazi yako nimeifanya. Mama alicheka sana nilipomweleza. Alisema, "Kumbe mwanangu kaenda mjini kusomea mahali ninapopumua." Lakini alifurahi, usidanganyike. Alioga, akajifunga kanga ile ya ubatizo wa mtoto wangu, akakaa kibarazani kama vile kitabu chenyewe kinamtazama. Akasimulia mwanzo mpaka mwisho, nami nikaitikia.

Utaona mistari ni michache. Unamjua mama. Anamtoa yule mwanamke nyumbani, anampitisha kwenye matete, anamfikisha mtoni na mtungi wake kichwani, ndipo anavuta pumzi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiogopa kwamba siku moja atasahau kupumua kabisa. Alipomaliza alikohoa kidogo, akasema ni moshi wa jikoni.

Krismasi uje. Usijitahidi. Uje.

Ni mimi dada yako,
Klementina


Dar es Salaam
16 Desemba 1956

Dada Klementina,

Shikamoo, na shikamoo ya mama peke yake. Mimi ni mzima wa kuamka na kulala. Katikati ya hapo nimechoka. Rosa nitamwandikia, mwambie asininunie.

Umenifanyia kazi kubwa kuliko unavyojua. Kutokana na mistari yako nimetunga kanuni tatu. Ya kwanza: msimuliaji akivuta pumzi, weka nukta. Ya pili: sentensi ikiwa ndefu mno, weka mkato kabla ya neno la kuunganisha. Ya tatu: neno likifika ukingoni, livunje baada ya a, e, i, o au u, wala si mahali pengine. Kanuni mbili zikigombana, ya juu ndiyo inayofuatwa. Bwana Seifu alimwita mpanga herufi mmoja, Mzaramo, akampa karatasi na kanuni hizo bila maelezo. Yule bwana akapanga ukurasa mzima huku anapiga mluzi. Nilipousoma nilimsikia mama kabisa, dada. Nilimsikia anavyobeba maneno mengi kwa mkono mmoja. Niliona fahari, nasema kweli.

Lakini kanuni haiwezi kusimama kwa hadithi moja. Nimekutumia zilizobaki, zote tatu. Fanya moja moja, kwa raha zenu.

Krismasi sitakuja. Ni mambo ya kazini, hayaelezeki kwa barua. Mwambie mama nitakuja kitabu kikiisha, na nitamletea nakala ya kwanza kabisa.

Dionisi


Ng'ambo ya Kivukoni
13 Januari 1957

Ndugu yangu,

Marahaba. Mama amepokea shikamoo yake na ameiweka. Watoto wazima. Mpunga tumeupanda, na nguruwe wameshatutembelea. Siku ya Krismasi mama alikaa nje tangu tulipotoka kanisani akitazama njia ya mtoni. Nilimwambia umeandika huji. Akasema anajua, anaangalia tu watu wanaopita. Hayaelezeki kwa barua, unasema. Basi.

Baada ya Krismasi tulivuka kwenda Ifakara, mimi na mama, kwa shughuli zake. Tulilala huko siku chache kisha tukarudi. Mama amenikataza kukuandikia mambo fulani, akaniapisha, na mimi ni mtu wa kutimiza neno langu kwa mama. Kwa hiyo nakuandikia ya mpunga na nguruwe.

Hadithi ya pili hii hapa, ya ndugu wawili waliogawana mtumbwi. Nimechora mstari pale ninapoitikia. Sikuongeza hata mmoja wala sikupunguza. Tafadhali uiangalie vizuri, Dionisi. Usiiangalie kama fundi.

Maji yanaanza kupanda. Kama unaweza kuja, uje kabla bonde halijajaa. Sina la kuongeza kwa sababu nimekatazwa.

Klementina


Dar es Salaam
10 Februari 1957

Dada Klementina,

Shikamoo. Nimefurahi mpunga umeshika. Mimi nimebadilishiwa miwani, na kichwa bado kinauma. Hilo ulilokatazwa nadhani ni ugomvi wa mahari ya Rosa. Msijali. Baba mdogo akinuna mwisho wake hununua pombe, yakaisha.

Sasa mistari yako imenitia mashakani. Katika hadithi ya kwanza mama alikwenda mwendo mrefu kwa pumzi moja. Katika hii ya pili anakata kila baada ya maneno machache, hata mahali ambapo neno moja linamwita jirani yake. Nikifuata kanuni ya kwanza, nukta zinajaa ukurasa kama ndege kwenye mpunga. Bwana Seifu ameuona akaniuliza, je, huyu ni msimuliaji mwingine? Nikamwambia ni yuleyule mmoja.

Nimekesha nalo. Mwisho nimeona sababu: hadithi ya ndugu wawili ni ya huzuni, na mama anaikatakata ili iume. Nimeongeza kanuni ya nne: katika hadithi ya huzuni, sentensi ziwe fupi. Bwana Seifu hakuridhika. Ameuliza mpanga herufi atajuaje kama hadithi ni ya huzuni wakati yeye hajui lugha hii. Kila kanuni ninayotunga inazaa nyingine, na mimi nimechoka, dada, nimechoka mpaka chakula sikitamani.

Nakuomba umwambie mama zile mbili zilizobaki asimulie kama zamani, kwa mtiririko wake ule. Asinikatie.

Kuja sasa haiwezekani.

Dionisi


Ng'ambo ya Kivukoni
10 Machi 1957

Dionisi,

Marahaba. Watoto wazima. Maji yamefika kwenye mgomba wa nyuma ya nyumba. Pantoni imefungwa, na sasa anayevusha watu ni Valeriani tu, mtoto wa shangazi, kwa mtumbwi wake. Barua yako ilikaa Ifakara dukani kwa Zubeiri mpaka yeye alipovuka.

Ujumbe wako kwamba mama asimulie kama zamani sikuufikisha. Nilimsomea barua yote, nilipofika hapo nikageuza ukurasa. Unisamehe, au usinisamehe, nimechoka vilevile.

Hadithi ya tatu imeisha. Tulianza asubuhi baada ya uji, na alipotamka neno la mwisho kuku walikuwa wanaingia bandani. Nilimwambia tuiache, tumalizie siku nyingine. Unajua mama hakubali hadithi iachwe njiani. Alisema, "Nikiwaacha katikati, watalala wapi?" Basi akaendelea, nami nikaendelea kuitikia, hata watoto wakaacha kucheza wakaja kukaa karibu yetu. Hii si hadithi ya huzuni. Ni ile ya sungura na pombe ya harusi, ambayo sote tulikuwa tukiicheka mpaka tunashika mbavu. Tazama mistari yake.

Kabla hujatunga kanuni ya tano nakuomba jambo moja tu, kama dada yako niliyekubeba mgongoni. Nenda mahali uwe peke yako. Isome kwa sauti. Simama penye kila mstari, uvute pumzi, kisha uendelee, mpaka mwisho. Usiruke hata mmoja.

Ukishafanya hivyo utajua la kufanya. Mimi sijaandika kitu.

Klementina


Dar es Salaam
31 Machi 1957

Dada,

Shikamoo. Nimesoma.

Nilijifungia stoo ya karatasi wakati wenzangu wamekwenda kula. Nilianza kwa sauti ya kawaida. Maneno mawili, nikavuta pumzi. Maneno matatu, nikavuta pumzi. Nilipofika pale sungura anapoingia kwenye chungu cha pombe, pale pa kucheka, nilikuwa nahema. Nikashika ukuta. Nilisikia kifua cha mama kabisa, dada, kama nimelaza sikio juu yake. Mara nyingine hata neno moja hakulimaliza kwa pumzi moja. Ulichora mstari katikati ya neno, na mimi niliuona nikadhani mkono wako umeteleza.

Mama anaumwa kifua. Alikuwa anaumwa Novemba, na baada ya Krismasi mlivuka kwenda hospitali. Wewe ulinieleza kila mara kwa namna uliyoweza, na mimi nikautungia ugonjwa wa mama kanuni. Naona aibu hata kuliandika.

Kwa nini sikuja nitakwambia sasa. Kuna vijana wanaongoja kazi mlangoni kila Jumatatu, na niliambiwa atakayeondoka kabla ya kitabu kuisha asitegemee kukuta kiti chake. Niliogopa. Ndiyo hiyo tu, na ilikuwa inaelezeka vizuri kwa barua.

Leo nimekwenda nyumbani kwa Bwana Seifu nikamweleza. Akasema kiti hawezi kunilindia, ila kanuni ya nne ataifuta yeye mwenyewe. Tukaagana vizuri. Nitapanda gari moshi mpaka Kilosa, halafu lori lolote litakalokubali matope. Sijui atakayefika kwanza ni mimi au barua hii.

Usimwambie mama kwamba najua. Au mwambie. Fanya unavyoona.

Dionisi


Ifakara, dukani kwa Zubeiri
16 Aprili 1957

Dada,

Shikamoo. Nimefika Ifakara jana. Lori lilizama Kisawasawa, tukalisukuma, likazama tena, mwisho nikaliacha nikaja kwa miguu. Nina vidonda lakini ni mzima.

Leo nimekwenda mpaka mtoni. Nimesimama pale inapofungwa pantoni nikatazama maji, siioni ng'ambo, ni maji na vichwa vya matete tu. Nimemkuta Valeriani. Nimemsihi, nimemtukana, nimemsihi tena. Anasema peke yake anaweza kupita kwa kujishikiza kwenye matete, lakini kwa mkondo huu hampakii mtu wa pili, hata awe Padre. Anasema ningoje upungue. Amekubali kuchukua barua.

Zubeiri na mkewe Siwema wamenipa chumba cha nyuma ya duka. Siwema ndiye aliyenieleza kwamba mwezi wa kwanza mama alipita hapa amebebwa kwenye machela, na alipofika mbele ya duka aliomba ashushwe atembee, ili watu wasiniandikie Dar es Salaam. Nilitoka nje kidogo.

Mwambie mama niko Ifakara. Mwambie niko hapahapa, ni maji tu. Na hadithi iliyobaki asiisimulie. Kitabu kingoje, sikitaki tena. Anyamaze, aweke pumzi yake mpaka nifike. Hilo tu, dada, nakupigia magoti.

Dionisi


Ng'ambo ya Kivukoni
17 Aprili 1957

Ndugu yangu Dionisi,

Marahaba, na pole na safari, na pole ya miguu. Huku watoto wazima. Rosa amefika kutoka Malinyi kwa mtumbwi wa watu wa upande ule, hakununa.

Barua yako Valeriani aliileta jana alasiri ikiwa kavu, aliivaa kichwani ndani ya kofia. Nilimsomea mama neno kwa neno, sikugeuza ukurasa hata mahali pamoja. Nilipofika pale uliposema uko Ifakara, alitabasamu akaniomba nirudie. Nikarudia. Nilipofika pale uliposema anyamaze, akasema, "Tangu lini Dionisi akaninyamazisha? Lete ile karatasi." Nilimwambia mama, mtoto amekupigia magoti. Akasema basi ainuke, magoti yake anayahitaji kwa matope.

Tukamwinua tukamwegemeza kwenye gunia la mpunga, Rosa akimshika mgongoni. Kabla hajaanza alinipa ujumbe wa kukufikishia, akanilazimisha niuandike palepale pembeni ya karatasi, utauona. Anasema nukta uziweke kwa kufuata ile hadithi ya kwanza, siku aliyokuwa na pumzi zake. Watu watakaosoma wasichoshwe na kikohozi cha mwanamke mmoja. Anasema ulitunga kanuni nzuri, ila ulikuja kuipima kwa mtu mgonjwa, na kosa hilo ni lake yeye aliyenyamaza.

Kisha akasimulia. Ni ile ya mtoto aliyepotelea kwenye matete, mama yake akawa anamwita kwa jina kila jioni mpaka akatokea. Alikuwa anapenda kukusimulia wewe, na wewe ulikuwa unasinzia kabla mtoto hajapatikana. Alisimulia polepole. Neno, nikaitikia. Neno, nikaitikia. Rosa alinikonyeza nimkatize, nikakataa. Ningemkatiza angenichukia. Alimpitisha yule mtoto kwenye matete yote, akamfikisha nyumbani, akamkalisha karibu na moto, na neno la mwisho alilitamka lote bila kulivunja.

Valeriani anasema mkondo umepungua tangu asubuhi hii, na wazee wa ukoo wamezungumza naye. Kesho kukicha atakuja na barua hii kukuchukua. Hapo dukani kwa Zubeiri uchukue kitambaa cheupe, yadi za kumtosha mtu mrefu, maana unamjua mama urefu wake. Tutakungoja, hatutafanya lolote kabla hujafika.

Karatasi nimeitia humu. Mistari yote ipo, imebanana, utaisoma mwenyewe ukipata nguvu. Ila baada ya neno la mwisho hutaona mstari, na nisingependa udhani nimesahau. Penseli ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nangoja avute pumzi, nimwitikie.

Dada yako,
Klementina